Uzi maalumu: watu wazima wenye usonji na ADHD, tabia tunazoziona kila siku na sababu zake

#1 Mleta uzi

Wakuu, uzi ni mrefu, mwenye haraka apitie juu juu atarudi baadae. Nataka tuongelee watu wazima wenye usonji (autism, ubongo unaochukua hisi, mawasiliano na mabadiliko tofauti na wengi) na wenye ADHD (ubongo unaopata shida kushika umakini, kutulia na kujizuia), sio watoto, maana kila mada ya hivi ukiifungua unakuta picha ya katoto kamepanga vigari mstari mmoja, utadhani hao watoto wakifikisha miaka 18 wanayeyuka. Hawayeyuki bwana. Wanakuwa wafanyakazi wenzako, shemeji zako, bosi wako, na wengine ndo nyie mnaosoma hapa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, na ADHD kwa watu wazima tafiti kubwa zinaiweka kwenye asilimia 2 na kitu mpaka 3, kwahiyo kwenye ukumbi wa watu mia mbili humo ndani wapo, na wengi wao hawajui.

Mimi ninavyo vyote viwili, niliambiwa nikiwa mtu mzima na mindevu yangu. Sio daktari, naongea kwa ninayoishi na niliyosoma.

Kitu ninachotaka kukisema hasa ni hiki: tabia moja ukiitazama kwa nje inaweza kuwa na sababu mbili ambazo hazifanani hata kidogo, na usipojua ni ipi, ule msaada unaompa mtu unaweza ukawa ndo unamkandamiza zaidi.

Chukua hii ya kutojibu meseji, maana ndo inavunja urafiki mwingi. Mwenye ADHD meseji ameisoma, tena amefurahi, akajisemea ngoja nimalize hiki kidogo ntamjibu vizuri. Basi imeisha hiyo. Ikishatoka kwenye macho imetoka kichwani, hakuna kitu ndani kinachomgonga bega kumkumbusha. Siku ya tatu saa nane usiku inamrudia, anaona aibu, anasema sasa ntaanzaje kujibu leo bila maelezo, lazima niandike jibu refu la kuomba radhi, na jibu refu linataka muda, afu inakuwa wiki, inakuwa mwezi, na wewe huku ushahitimisha kwamba anaringa. Mwenye usonji yeye inawezekana meseji anaiona kila saa, hajaisahau hata sekunde, ila umemwandikia "kimya sana siku hizi" na kwa dhati ya moyo hajui unataka nini. Unauliza habari? Unalalamika? Unataka mwonane? Anaandika, anafuta, anaandika, anafuta. Sasa wa kwanza ukimtumia tena meseji fupi isiyo na lawama, "oya vipi ile ishu," anajibu hapohapo na anakushukuru moyoni. Wa pili ukimtumia hiyohiyo umemwongezea fumbo la pili juu ya la kwanza. Yeye muulize swali lililokamilika, "Jumamosi mchana upo, nije?" uone kama hajibu.

Kukatiza watu wakiongea nako hivyohivyo. Wa ADHD anakatiza kwa sababu wazo limekuja na asipolitoa sasa hivi linapotea moja kwa moja, sio dharau, anaokoa mali. Wa usonji anakatiza kwa sababu ile nafasi ndogo kati ya mtu mmoja kumaliza na mwingine kuanza, ambayo nyie mnaisikia bila kufikiri, yeye inabidi aikokotoe, akiingia mapema kaonekana hana adabu, akichelewa mada ishahama. Wengi wanaishia kunyamaza kikao kizima, afu anaambiwa "mbona huchangii."

Na kuanza kazi, jamani. Hapa ndo watu wanaitwa wavivu mpaka wanaamini. Mwenye ADHD anajua cha kufanya, anajua jinsi ya kufanya, anajua asipofanya atapata hasara gani, na bado amekaa anaitazama, roho inamuuma. Umuhimu wa kitu peke yake hauwashi ubongo wake. Unawashwa na upya, na utamu, na hatari ya dedilaini kesho asubuhi, na mambo ya dopamini na noradrenalini yanahusika hapo, ndo maana dawa zake zinagusa kemikali hizohizo. Kwa mwenye usonji mara nyingi shida ni kuhama. Akiwa ndani ya jambo umakini wake wote upo humo, wote kabisa, na kumtoa ghafla ni kama kumbandua. Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson waliliandika hili mwaka 2005, kwamba umakini wa mtu mwenye usonji huwa unakusanyika kwenye mambo machache kwa nguvu kubwa badala ya kutawanyika kidogo kidogo kwenye mengi, na mimi nilipoisoma hiyo nilikaa nikatazama ukuta kwa muda. Shida nyingine ni maelekezo. Mwambie "itengeneze vizuri hiyo ripoti" umempa kazi isiyokuwa na mwisho. Vizuri kwa nani? Kurasa ngapi?

Karibuni tujadili, matusi hapana.

#2

Mkuu nakuheshimu ila hizi mambo siku hizi zimezidi. Kila mtu anasahau, kila mtu anaahirisha kazi, kila mtu kuna siku hataki watu. Zamani hizi hazikuwepo watu walikuwa wanachapwa tu na wanakaa sawa. Simu ndo zinatuharibu.

#3 Mleta uzi

Kaka swali lako ni halali kabisa isipokuwa hapo kwenye kuchapwa. Zamani zilikuwepo. Daktari Muingereza George Still alitoa mihadhara London mwaka 1902 kuhusu watoto wasiotulia na wasioweza kujizuia ingawa akili zao ni nzima, na daktari mwanamama Grunya Sukhareva kule Moscow alielezea watoto ambao leo tungesema wana usonji mwaka 1925, miaka 18 kabla ya andiko la daktari Leo Kanner ambaye ndo watu wengi humtaja wakiongelea usonji. Simu zilikuwa wapi?

Ila kweli kila mtu anasahau. Vigezo haviulizi kama unasahau, vinauliza mengine. Kwenye DSM, kile kitabu cha vigezo cha wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 2013, ADHD inatakiwa dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, ziwepo sehemu mbili au zaidi, yaani sio kazini tu kwa sababu bosi wako ni mnoko, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Kuna dalili 9 za umakini na 9 za kutotulia na papara. Mtoto anahitaji 6 kwenye kundi moja, kuanzia miaka 17 zinatosha 5. Kwahiyo wewe uliyeanza kusahau mwaka jana baada ya kupandishwa cheo, hiyo ni kitu kingine, kapime. Tezi ya shingo, upungufu wa damu, kukosa pumzi usingizini, sonona, wasiwasi uliopitiliza, vyote vinaweza kukufanya uonekane una ADHD na wala huna.

Na hao "waliokaa sawa", mimi nawafahamu kadhaa. Wamekaa sawa kwa nje.

#4

Nimesoma post ya kwanza mara mbili nikalia aisee. Mimi ni mwanamke, nina usonji, nimejua nikiwa na watoto tayari, na nimejua kupitia mwanangu maana kila alichoniuliza daktari kuhusu mtoto nilikuwa najibu "lakini hiyo si kawaida, hata mimi nafanya."

Niongezee kuhusu kuvaa maski, yaani kuigiza ili uonekane kama wengine, maana kwetu wanawake ndo imetuficha. Nilipokuwa shule nilichagua msichana mmoja anayependwa nikawa namsoma, anavyocheka, anavyoshika nywele, anavyosema "jamani weee," nikawa yeye. Hakuna mwalimu aliyeona shida, mtoto mtulivu, anasoma vitabu, anapata maksi. Mpaka leo nikipokea simu nina sentensi za kufungulia nimezikariri na za kufungia nimezikariri. Kumwangalia mtu machoni naweza, nimejifundisha, naangalia katikati ya nyusi, ila nikifanya hivyo sikusikii unachosema, kwahiyo chagua, nikuangalie au nikusikilize. Kazini wananiita mchangamfu! Nikifika nyumbani naingia chumbani nazima taa nalala chini kwenye sakafu, sio kwamba nimegombana na mtu, nimeisha tu.

Afu hisi. Watu wanadhani tunadeka. Taa za tyubu mimi naisikia ile sauti yake. Lebo ya nguo shingoni inaweza kunifanya nisikumbuke jina la mtu ninayeongea nae. Watu watano wakiongea chumba kimoja sauti zote zinaingia kwa ukubwa uleule, na ya feni, na ya kijiko kikombeni kule mwisho. Na bado mimi huyohuyo naweza kuungua mkono nisijue mpaka nione alama.

#5 Mleta uzi

Dada asante sana kwa hii. Hapo kwenye kuungua umegusa kitu ambacho watu hawakijui, kwamba hisi zinaweza kuzidi upande mmoja na kupungua upande mwingine kwa mtu yuleyule. DSM iliingiza suala la hisi kwenye vigezo vya usonji kwenye toleo hilohilo la 2013, kabla ya hapo halikuwemo kwenye orodha, wakati ukimuuliza mwenye usonji yeyote hilo ndo la kwanza atakalokutajia.

Na hata hisi za ndani ya mwili. Njaa, kiu, haja ndogo, uchovu. Wengi wetu hatupati taarifa mapema, tunapata ikiwa ishakuwa dharura. Mtu anakasirika jioni nzima bila sababu, kumbe hajaweka kitu tumboni tangu asubuhi na hajasikia.

#6

Mimi sina lolote kati ya hayo ila mke wangu ana ADHD, amepimwa kabisa, na nampenda, ila jamani nichekeni tu, naomba msaada. Anachelewa kila sehemu. Tunakubaliana tunatoka saa kumi, saa kumi kasoro tano anaanza kupanga kabati ambalo halijapangwa tangu tuhamie. Nikimkumbusha anasema namfokea. Nisipomkumbusha tunachelewa. Nifanyeje?

#7 Mleta uzi

Hahaha shemeji etu huyo, mfikishie salamu. Kabati saa kumi kasoro tano, namwelewa kabisa.

Iko hivi kaka. Wengi wetu wenye ADHD muda hatuuhisi. Wewe dakika kumi zikipita kuna kitu ndani kinakuambia zimepita, sisi kuna "sasa hivi" na kuna "sio sasa hivi," na saa kumi ilikuwa "sio sasa hivi" mpaka ilipogeuka ghafla kuwa tumechelewa. Kwahiyo ukimwambia "bado nusu saa" hujamwambia kitu. Weka saa ya ukutani kubwa yenye mishale pale anapovalia, muda uonekane kwa macho. Alamu ziwe zaidi ya moja, na iwepo ya kuanza kuvaa, maana yeye akisikia "tunatoka saa kumi" anaelewa saa kumi ndo ananyanyuka kwenye kiti.

La pili, mkubaliane wakati mna raha, sio pale mlangoni, ni maneno gani utatumia kumkumbusha. Yeye achague. Mwenye ADHD ameshasikia "tena?" na "wewe nae" tangu akiwa mdogo, na ukimkumbusha kwa sauti yenye hata chembe ya hiyo anasikia maneno ya watu wote waliowahi kumwambia hivyo. Neno akilichagua mwenyewe linapungua makali.

Ila nikuulize na wewe, yeye ana ADHD tu au na usonji umo? Nauliza kwa sababu kuna watu huchelewa kwa sababu kutoka nyumbani kwenyewe ni kuhama kutoka dunia moja kwenda nyingine na anahitaji dakika kadhaa za ukimya kabla, na huyo alamu tano zitamvuruga kabisa.

#8

Si nilisikia hawa wenye usonji hawana huruma? Hawajali hisia za mtu. Nilifanya kazi na mmoja, nilifiwa, akaniuliza lini narudi ofisini.

#9 Mleta uzi

Pole sana kwa msiba mkuu. Na naelewa ilivyokuuma.

Ila inawezekana kabisa alikuwa anauliza ili ajue kazi zako azibebe kwa siku ngapi. Sina hakika, simjui, lakini nimewaona wengi wanaoonyesha kujali kwa kufanya kitu na sio kwa kusema maneno yenyewe. Damian Milton, msomi Muingereza ambaye mwenyewe ana usonji, mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana huku kunatoka pande zote mbili, sisi hatuwasomi nyie na nyie hamtusomi sisi, ila nyie mko wengi kwahiyo la kwenu linaitwa kawaida. Wazo zuri lakini watu wakasema ushahidi uko wapi. Basi Catherine Crompton na wenzake wakachapisha utafiti mwaka 2020, wakapanga watu kwenye minyororo ya watu nane nane, wa kwanza anasimuliwa hadithi, anampa wa pili, mpaka wa nane. Minyororo ya wenye usonji watupu ikatunza hadithi sawa tu na ya wasio na usonji. Uliochanganya wa huku na wa huku ndo hadithi ilipukutika haraka. Kwahiyo tatizo lipo pale tunapokutana.

Kuna na jambo lingine, karibu nusu ya wenye usonji wana shida ya kutambua na kutaja hisia zao wenyewe. Ukimuuliza "unajisikiaje" anakujibu "sijui" na ni ukweli mtupu, hajui, anajua tu tumbo limekaza. Hilo likitazamwa kwa nje linafanana na baridi ya moyo.

#10

Mleta uzi wewe umesema unavyo vyote. Inawezekana kweli? Maana kimoja kinataka ratiba kingine kinachoka na ratiba.

#11 Mleta uzi

Ndo swali hilo hata madaktari walikuwa nalo! Mpaka mwaka 2013 DSM ilikuwa hairuhusu mtu kupewa vyote viwili, ukiwa na usonji basi ADHD hupewi, hata uwe unaruka ukuta. Kwahiyo kuna kizazi kizima kilipewa nusu ya jibu. Leo inajulikana kwamba vinaambatana mara nyingi sana na kwa sehemu vinarithiwa kwa vinasaba vinavyofanana.

Kuishi navyo ni kama gari moja lina madereva wawili na usukani mmoja. Natengeneza ratiba nzuri sana, ina rangi, naipenda kuliko watu, siku chache za mwanzo nafuata kwa raha, afu upande wa ADHD unachoka nayo na kuitupa, na upande wa usonji unaumwa kweli kweli kwa sababu ratiba imevunjika. Anayeivunja ni mimi na anayeumia ni mimi. Nataka kwenda kwenye sherehe maana nyumbani nimechoshwa, nafika, kelele, nataka kuondoka, nimefika sasa hivi. Natafuta kitu kimoja kwa undani mpaka saa tisa usiku, nanunua vifaa vyake, afu hamu inakatika kama imezimwa swichi, vifaa vipo kwenye boksi.

Na vinafichana. Ratiba za usonji zilifunika usahaulifu wangu, na uchangamfu wa ADHD ulifunika ugumu wangu na watu, ndo maana kote nilikopita niliambiwa "wewe huna kitu."

#12

Vipi dawa? Zinatibu?

#13 Mleta uzi

Usonji wenyewe hauna dawa na sio kitu cha kutibiwa. Vinavyokuja navyo, kama wasiwasi, sonona, kukosa usingizi, hivyo vinatibika, usivivumilie. ADHD ndo ina dawa, maarufu ni methilifenideti, iligunduliwa na Leandro Panizzon kwenye kampuni ya Ciba huko Uswisi mwaka 1944, mkewe akaijaribu na jina la biashara, Ritalin, likatokana na jina la huyo mama, Rita. Haikuondolei ADHD, inafanya kazi kwa saa kadhaa inaisha. Inaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, kukata hamu ya kula na usingizi, kwahiyo ni daktari, presha ipimwe, usichukue kidonge cha mtu. Wengine haiwafai, zipo za aina nyingine.

Na kabla hujaniuliza, zile dodoso za mtandaoni. Ya ADHD ya watu wazima ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 18, sita ya mwanzo ndo ya kuchuja. Ya usonji inayozunguka sana ina maswali 50, ya mwaka 2001. Ni za kukuambia kama uende ukapimwe, sio kipimo. Ukienda beba ripoti zako za shule kama zipo, na mzazi au mtu aliyekujua ukiwa mdogo, maana watakuuliza utoto.

#14

Mimi swali la mwisho. Kuna mdogo wangu mtu mzima kabisa, ana usonji, akizidiwa analipuka anapiga kelele anajipiga kichwa, siku nyingine hasemi neno kutwa. Nyumbani tunamshika na kumsihi aongee. Tunakosea?

#15 Mleta uzi

Ndugu yangu hiyo ya kulipuka na hiyo ya kuzima ni kitu kimoja, ubongo umepokea zaidi ya unavyoweza kubeba, siku moja unatokea nje siku nyingine unafungia ndani. Sio hasira za kutaka kitu. Huwezi kumtoa humo kwa kumsihi, kila swali unalouliza pale ni mzigo mwingine juu ya mzigo. Punguza. Zima taa, zima tivi, watu watoke chumbani abaki mmoja anayemzoea, na huyo mmoja anyamaze. Kichwa weka mto katikati yake na ukuta. Kumshika acha isipokuwa kuna hatari ya kweli, labda awe yeye mwenyewe anapenda kubanwa kwa nguvu, wapo wanaotulia hivyo, muulize siku ambayo yuko sawa. Asipoweza kuongea mpe simu aandike, wengi mdomo unafunga lakini vidole vinafanya kazi.

Ikiisha usimuulize "ilikuwaje" siku hiyohiyo. Kesho yake au kesho kutwa mkae muangalie yaliyotokea kabla, na usitazame tu dakika tano za mwisho, rudi nyuma mpaka asubuhi, alilala? alikula? kulikuwa na mgeni? ratiba ilibadilishwa bila kumwambia? Ukiona kwa wiki kadhaa inakuja mara kwa mara na vitu alivyokuwa anaviweza sasa haviwezi, kuoga, kupika, kuongea, huyo atakuwa amechoka kwa muda mrefu na anahitaji apunguziwe mambo, na muende kwa mtaalamu mapema kama anajiumiza.

Niambie kwanza, hedifoni za kuzuia kelele anazo? Anazikubali?